Mapipa Manne ya Chimala

"Nyati Mbili, mchicha uko barabarani. Mapipa manne. Usiuache ufike mtoni."

"Nimekupata, Iringa."

Asukile, ofisa wa usalama, aliweka chini kipaza cha redio, akakanyaga mafuta. Peugeot 404 ikaruka makorongo ya Chimala, vumbi la Agosti 1974 likitanda nyuma. Mbele, Land Rover ya kijani ilikimbilia Mto Ruaha.

Huo mchicha ulikuwa gugu maji. Wakoloni wa kusini walilipenyeza kupitia Tunduma. Likimwagwa tu, mwakani mifereji ya mpunga Usangu nzima ingeziba.

Njaa bila risasi.

Kando ya dereva aliketi jasusi wao, Kessler. Asukile alimtambua dereva mwenyewe kwa namna alivyoinamisha shingo.

Anyitike. Bwana Samaki, ofisa uvuvi wa wilaya. Kaka yake, aliyemlea tangu baba yao afe.

Asukile akatoa bastola yake ya Browning dirishani. Risasi mbili. Tairi likapasuka, Land Rover ikayumba na kusimama hatua hamsini kutoka mtoni.

Kessler aliruka nje akifyatua bastola. Kioo cha Peugeot kikamwagika. Asukile akajibu mara moja tu.

Kessler hakuinuka tena.

Anyitike alikuwa tayari akiviringisha pipa kuelekea majini.

"Kaka, liache!"

"Gwe Asukile, niondokee! Wanaye Jailos. Nikimwaga haya, mwanangu anaachiwa, anavushwa Zambezi Ijumaa."

Asukile alishusha silaha. Asubuhi ile, Mbeya, alipokea simu ya maandishi kutoka Lusaka. Alikuwa ameisoma mara tatu.

"Jailos hayupo, kaka. Walimpiga risasi Machi, kwenye kambi yao ya wafungwa."

"Mwongo! Barua yake nimeipata mwezi jana."

"Uliuona mwandiko wake?"



"Zote zilipigwa taipu," Anyitike alisema polepole. Mikono ikaachia pipa. Akaketi mchangani, akalia kwa sauti ambayo Asukile hakuwahi kuisikia, hata kwenye msiba wa baba yao.

Alipomaliza, aliinuka mwenyewe. Akamwaga magugu yote kwenye mchanga mkavu, akayanywesha galoni mbili za petroli, akawasha.

Kisha akanyoosha mikono. "Nifunge, mdogo wangu. Usinihurumie."

Pingu zikalia.

"Iringa, mchicha umeungua. Kessler amekufa. Nina mfungwa mmoja."

"Jina?"

"Anyitike. Kaka yangu, tumbo moja."

Redio ilikoroma. "Mlete."

Asukile alivaa miwani yake myeusi. Akapangusa vipande vya kioo kwenye kiti cha mbele, akamfungulia kaka yake mlango, akaondoa gari bila haraka.