Kumsindikiza Mwenye Kiu

Chupa ilikuwa haijafunguliwa, lakini maji yalikuwa yamefika nusu.

Meneja aliigeuza kwenye mwanga wa dirisha. Kifuniko kilikuwa kimekazwa vilevile alivyokikaza mwenyewe asubuhi. Akapapasa chini ya begi: pakavu. "Joto hili," akasema, "sasa linakunywa na maji ya watu." Akaijaza tena.

Meneja halikuwa jina lake. Alikuwa na digrii ya uongozi wa biashara na hana hata kuku wa kumwongoza, basi mtaa ukampa cheo bure. Sivii zake za kuombea kazi zilikuwa zimeingia ofisi nyingi kuliko wafagiaji. Ndiyo maana alitaka kuondoka, siku mbili tu, peke yake, begi mgongoni, apande mlima ulio nyuma ya machimbo ya kokoto, alale huko juu ambako hakuna mtu wa kumwuliza, "Vipi, bado?"

Msimu ule jua halikuwa na adabu. Lami ilinata kwenye soli. Kwa hiyo alijipanga kama mtu aliyesoma: kofia pana, shuka jepesi, chumvi kidogo ya kutia majini, kutembea alfajiri na jioni, mchana kivulini. Na maji. Mpango wote ulikuwa maji.

"Peke yako?" mama yake aliuliza bila kuinua macho kutoka kwenye cherehani. Alikuwa fundi wa sare za shule. Sebule nzima ilikuwa kola na mifuko. "Ukianguka huko, nani atakuokota?"

"Hao hao wanaoniokota hapa mjini, mama."

"Domo hilo! Lingekuwa na mshahara tungekuwa na ghorofa."

Kesho yake chupa zote zilikuwa tupu. Zimefungwa, na tupu. Kisha mtungi wa jikoni. Kisha ndoo ya bafuni, iliyojaa pomoni asubuhi, ikakutwa na vumbi la kokoto chini. Chumbani kwake kukaanza kunuka jiwe lililochomwa na jua, na mchana, mtaa mzima ukiwa umejilaza kwa joto, ikasikika sauti ya koo: gu, gu, gu, ya mtu anayekunywa bila kupumua.

Halafu kiu hiyo ikamgeukia mama.

Alimkuta ameinamia cherehani, mguu bado unakanyaga, sindano inapanda na kushuka pasipo kitambaa, midomo imepasuka, ngozi ya mkono ukiivuta inabaki imesimama kama pindo lililopigwa pasi, na alipomwekea kikombe mdomoni maji yakapungua kabla hayajagusa ulimi, yakashuka polepole, funda kwa funda, kana kwamba kuna mdomo mwingine uliowahi.

"Mwanangu," mama akanong'ona, "nani huyu aliyekaa katikati yetu?"

Zahanati walimtundikia dripu. Mfuko ukaisha, mshipa haukupata kitu. Muuguzi akatoka bila kuaga.

Ndipo mama akarudishwa nyumbani, akaitwa shangazi, dada wa marehemu baba, anayewasomea dua wagonjwa wa namna hiyo. Hakuwasha ubani. Aliuliza swali.

"Hilo begi ulilifanyia wapi mazoezi?"

"Machimboni. Nilibeba mzigo kamili, nipime mgongo."

"Saa ngapi?"

"Jua la utosi. Nilitaka kulizoea."

"Ukanywa maji."

"Nikanywa, shangazi."

"Ukasema nini kabla ya kunywa?"

Meneja akakumbuka. Alilelewa vizuri, hilo ndilo kosa lake. Alikaa juu ya jiwe, akainua chupa, na kwa mazoea ya maisha yote, bila mtu mbele wala nyuma, akasema, "Karibu."

"Kuna aliyeitika," shangazi alisema.

"Nilidhani mwangwi." Meneja akalitazama begi. "Lakini mwangwi ulisema 'asante'."

Shangazi akashusha sauti. "Huyo hakuingia kwa nguvu, basi kwa nguvu hatoki. Nikisoma hapa mpaka koo likauke, atanitazama tu. Umemkaribisha mwenyewe, msindikize mwenyewe. Mbebe kwenye jua hilohilo, mpaka jiwe hilohilo, mtue, muage. Usinywe mbele yake. Na ukirudi, asirudi nawe."

Basi safari ikawa ileile iliyopangwa, ila abiria wameongezeka. Begi lilikuwa tupu, lakini lilimwelemea kama mtu mzima aliyelala, mikanda ikimkata mabega, na kila alipopunguza mwendo pumzi kavu ilimpiga kisogoni, yenye harufu ile ya jiwe, huku nyumba zikipungua na vivuli vikikosekana na ulimi wake ukiwa mgumu kama kipande cha turubai, mpaka machimbo yakafunguka mbele yake, meupe, yakimwumiza macho.

Alilitua juu ya jiwe. "Nimekufikisha. Kwaheri."

Begi likalegea, likalala upande, jepesi. Meneja akageuka kwenda zake, na kwa mara ya kwanza tangu chupa ile, akacheka.

"Umenisindikiza vizuri," ikasema sauti nyuma yake, kavu, ya adabu. "Haya, na mimi nikusindikize kidogo."

Mchezo huo nani asiyeujua? Unamsindikiza mgeni mpaka njia panda, naye anakurudisha mpaka mlangoni, mnacheka, hamwachani. Meneja hakucheka tena. Kule chini aliliona paa lao, na chini ya paa lile kulikuwa na koo moja likisubiri.

Akaipa nyumba mgongo.

"Sirudi bado," akasema. "Napanda mlimani."

"Peke yako?"

"Twende."

Alasiri ile mama alikunywa kikombe kizima, kisha kingine, akalia machozi ya kulowesha mto. Watu walipanda kumtafuta mwanawe. Wakarudi na begi tu. Shangazi akamkanya mama: usimwekee kitu, usimwite. Lakini yeye huweka. Kikombe kimoja, pembeni ya cherehani, kila mchana. Na kila jioni huyamwaga maji yote yakiwa hayajaguswa, hajui ashukuru au aomboleze.

Mpaka mchana mmoja, akishona kola, aliposikia harufu ya jiwe lililochomwa. Akatupa jicho pembeni. Maji yalikuwa yanashuka kikombeni, funda kwa funda, kama anywavyo mtu aliyetoka mbali.

Mguu wake ukasimama kwenye pedeli. Alikumbuka kila neno la shangazi. Alilikumbuka, akaliweka kando.

"Karibu, mwanangu," akanong'ona.

"Asante," ikajibu sauti kavu, ya adabu.