Vigingi vya Mlimani kwa Bibi Oma

Kila asubuhi kabla ya basi la shule kufika, Tressa alikuwa na kazi ya kulisha kuku na kuingiza kuni jikoni. Bibi yake, Oma Stidham, naye alikuwa na kazi ya kumharakisha.

"We Tressa, hao kuku unawalisha au unawasimulia hadithi? Basi halikungoji."

Tangu mama yake Tressa afariki, waliishi wawili tu katika nyumba ya mbao bondeni, huko milimani Kentucky. Kwao palianzia kijitoni pakapanda hadi kileleni, kwenye makaburi ya ukoo, na kaburi la mama lilikuwa pembeni chini ya mwaloni. Hapakuwa na uzio wala alama yoyote ya mpaka. Watu wa bonde lile hawakuwa na desturi ya kuulizana mpaka uko wapi. Ukisema "kwa kina Stidham", kila mtu ameelewa, yamekwisha.

Siku hiyo darasani mwalimu aliwafungulia ramani ya ardhi ya kaunti kwenye kompyuta. "Kila mmoja atafute kwao," alisema. "Ukibonyeza kipande cha ardhi, vitatokea visanduku vya habari zake. Visomeni vyote."

Tressa akatafuta jina la Stidham, akabonyeza la kwanza aliloliona. Mwenye ardhi: Virgil Stidham. Anwani ya barua: Dayton, Ohio. Matumizi: msitu. Majengo: hakuna.

Akasoma tena. Virgil alikuwa ndugu wa marehemu babu yake, aliyekwenda Ohio kufanya kazi kiwandani akabaki huko huko. Ina maana kwao si kwao? Na nyumba yao je, mbona haimo?

Darrell Mullins, mtoto wa jirani, alikuwa amechungulia begani kwake. "Majengo hakuna," akasoma kwa sauti. "Kumbe nyie mnalala porini na kulungu. Huyo mzee wa Ohio akiuza, kuku wenu mtawahamishia wapi?"

Darasa likacheka. Tressa akaufunga ukurasa upesi, visanduku vingine asivisome.

Jioni maharage na mkate wa mahindi vilipoa mbele yake. "Unaumwa?" Bibi akauliza.

"Hapana, Bibi."

"Mbona umenuna kama uliyepokonywa kitu?"

Tressa alitamani kuuliza, lakini aliogopa jibu. Aliona akilitamka jambo lile tu, litakuwa kweli. Basi akaenda kulala na hofu yake.

Jumamosi alipanda mlimani kwenda kwa mama yake, kama alivyozoea. Alipofika juu, alisimama ghafla. Vigingi vya mbao vyenye utepe wa rangi ya chungwa vilikuwa vimeyazunguka makaburi yote, na kimoja kilikuwa kimepigwa karibu kabisa na kaburi la mama. Tressa alikwisha kuona vigingi vya aina hiyo kule ng'ambo ya kijito. Huko, baada ya wapimaji yalifika matingatinga, na kilima kikachimbwa chote.

"Wameshauza," alisema peke yake, na machozi yakamtoka. "Watamfukua mama."

Akaving'oa kimoja kimoja, akavitupa korongoni, kisha akateremka mbio. Siku nzima, kila gari lililopita barabarani lilimfanya ajifiche nyuma ya banda la kuku.

Jumatatu aliporudi kutoka shuleni, alikuta uani gari asilolijua. Jikoni alikaa mwanamume mwenye buti za matope, Bwana Estep, mpima ardhi.

"Vyote vimeng'olewa, Bi Oma. Hakikubaki hata kimoja."

"Ni Darrell wa kina Mullins huyo," Bibi alisema huku akivaa koti. "Si ndiye aliyevunja dirisha la banda langu? Naenda kwao sasa hivi, na nikitoka huko nampigia simu sherifu na polisi wake."

Tressa alisimama mlangoni. Yeye hakumpenda Darrell hata chembe, na kunyamaza kungekuwa rahisi mno. Lakini alimwona kwa macho ya moyo yule kijana akiulizwa na sherifu kuhusu jambo asilolijua, akaona hataweza kuishi na hilo.

"Bibi, si Darrell," alisema. "Ni mimi."

Akaeleza yote kwa kwikwi, kuanzia kompyuta hadi korongo. Bibi akakaa chini, koti bado mwilini.

"Mwanangu, vigingi vile nimeviagiza mimi. Virgil amezeeka. Amekubali eneo la makaburi likatwe liwe kipande kinachojitegemea, cha ukoo, ili msitu hata ukiuzwa, asitokee mtu wa kumgusa mama yako. Nilitaka kukwambia siku ya kupamba makaburi, tukiwa palepale."

"Kwa hiyo hatauza nyumba?"

"Atauzaje nyumba ambayo si yake?"

Bwana Estep akafungua kompyuta yake. "Nionyeshe ulipobonyeza. Haya, tazama namba hii. Kila kipande kina namba yake, na ukoo wenu una viwili. Wazee waliwagawia wana wao, Virgil juu, babu yako chini. Hii anwani ya Ohio ni ya kupelekea barua tu. Mahali ardhi ilipo pameandikwa huku chini, ambako hukufika. Na majengo hakuna, ndiyo, kwa sababu huko juu ni msitu. Sasa bonyeza cha chini."

Tressa akabonyeza. Mwenye ardhi: Oma Stidham. Matumizi: makazi. Majengo: nyumba moja, banda moja. Kisha akashtuka tena. "Lakini huu mstari unapita juu ya paa letu."

"Mistari hii huchorwa kwa ajili ya kodi, na huteleza kidogo juu ya picha iliyopigwa kutoka angani. Mpaka wa kweli uko kwenye hati na kwenye vigingi," alisema Bwana Estep, "ambavyo kwa sasa viko korongoni."

Kesho yake baada ya shule Tressa alishuka korongoni kuviokota, akapandisha mzigo mlimani begani mwake. Bwana Estep alikuwa ametangulia na nyundo yake, na Bibi aliwafuata polepole na fimbo.

"Sikia, Tressa," alisema alipofika. "Ukiogopa jambo, uliza siku hiyohiyo. Wewe ulisoma visanduku vinne ukakimbia. Mimi nilitaka kumpeleka mtoto wa watu kwa sherifu, wala sikusoma hata kimoja. Umeniokoa na aibu kwa kusema kweli, na kesho nitakwenda kwa kina Mullins kuwaambia nilichomdhania."

Vingine viliporudishwa vyote, kilibaki kigingi cha karibu na mwaloni. Tressa alipiga magoti kando ya kaburi la mama yake, akakishika kwa mikono miwili kisiyumbe, na Bwana Estep akainua nyundo.