Ng'ombe wa Hori la Mwisho

Ng'ombe wa kwanza alianguka kabla maziwa ya asubuhi hayajachujwa. Mwenye zizi, mjane mwenye mwili mdogo na sauti kubwa, alidhani ameteleza tu. Alipomwona wa pili akitetemeka na wa tatu akitokwa na povu mdomoni, aliiachia ndoo ikamwagika yote, akapiga ukelele uliowatoa majirani vitandani.

Saa tatu, daktari wa mifugo alipofika akiwa na sajini wa polisi, watatu walikuwa wameshakufa, matumbo yamevimba kama ngoma. Wa nne, ng'ombe mwekundu mwenye pembe moja, alikuwa amesimama kwa taabu. Miguu ilimcheza, lakini alikuwa hai. Kando yake alisimama shemeji wa mjane, kaka mkubwa wa marehemu mumewe, amemkumbatia shingo asianguke.

Daktari alianza kwa kulizunguka banda. Alikuwa mwanamke wa makamo asiyependa kuulizwa maswali kabla hajamaliza kutazama. Banda lilikuwa refu, paa la bati, sakafu ya saruji, na ndani yake mahori matatu ya kulishia. Wote wanne walikuwa wamekula kwenye hori la mwisho, lililo karibu na mlango wa nyuma. Ng'ombe wa mahori mengine mawili walikuwa wakicheua taratibu, kana kwamba msiba ule hauwahusu.

"Wamelishwa sumu hawa," sajini alisema. "Nani kawalisha?"

"Mimi, afande," alijibu mwanamume mwembamba aliyevaa aproni ya mpira. Alikuwa mchanganya chakula wa pale. Walimwita Ratili, maana hakuna kitu asichokipima. Walisema hata sukari ya chai yake lazima ipite mizanini.

"Nilisema mimi," shemeji aliingilia kati. "Tangu mwanzo nilisema. Majani yaliyofukiwa shimoni kama maiti si chakula. Halafu wakaongeza na maganda ya mihogo! Mihogo michungu inaua watu, sembuse ng'ombe. Mtafuteni muuza maganda, msihangaike bure."

"Shemeji, hebu tulia kwanza," mjane alisema. Macho yalikuwa mekundu, lakini hakuwa akilia tena. "Mwache daktari afanye kazi yake."

Daktari alimwendea yule mwekundu akamsikiliza moyo. Ulikuwa ukienda mbio. Alipoinama karibu na mdomo, harufu ya uchachu ikampiga puani. Sileji, yale majani ya kuchachushwa shimoni, aliwaza, akanyanyuka kwenda kwenye mizoga.

Alimpasua wa kwanza pale pale sakafuni. Sajini alisogea mlangoni akajifanya anachunguza kitasa.

"Njoo uone, sajini. Damu hii ni ya rangi gani?"

"Nyeusi nyeusi."

"Sumu ya mihogo huifanya damu kuwa nyekundu ya kung'aa. Muuza maganda mwache alale usingizi wake." Kisha akalifungua tumbo kubwa. Mvuke ulitoka ukawachoma macho wote wawili, harufu kali kama ya choo cha stendi. Alichovya karatasi ya kupimia. Ikageuka buluu iliyokolea. "Urea."

"Ile mbolea?"

"Ile ile. Ikiwa kidogo, imechanganywa sawasawa, inamsaidia ng'ombe kupata nguvu hata kwenye mabua makavu. Ikizidi, inamuua kabla hujamaliza kunywa chai."

Ghalani walikuta gunia la urea likiwa wazi, limeegemezwa karibu na pipa la molasi, ule uji mweusi mtamu wa viwanda vya sukari. Mlango wa ghala haukuwa na kufuli. Sajini alimgeukia Ratili, mkono umeshashika pingu kiunoni.

"Gunia la nani hili?"

"La hapa zizini, afande. Natumia mimi, lakini kwenye mabua ya kiangazi tu. Kwenye sileji siigusi!" Jasho lilianza kumtiririka. "Sileji wakati wa kushindilia tunatia molasi na ile dawa ya kuchachusha, basi. Mama shahidi."

"Kila mwenye hatia ana shahidi," sajini alisema, akamshika mkono.

"Ngoja," daktari alisema. "Asubuhi ulichanganyia wapi?"

"Sakafuni, hapa mbele. Sileji, machicha ya kiwanda cha bia, mashudu na maganda. Nikapakia toroli, nikagawa."

"Mafungu mangapi?"

"Fungu moja, daktari. Moja kwa mahori yote."

Daktari alimtazama sajini. Sajini alikawia kidogo, kisha akauachia ule mkono.

"Kama sumu ingekuwa ndani ya fungu," daktari alisema, "banda zima lingekuwa chini. Imetiwa baadaye, hori moja tu."

Walirudi kwenye hori la mwisho. Juu ya mabaki ya chakula kulikuwa na utando mweusi wa molasi, umemwagwa tu bila kukorogwa, na ndani yake zilimeta chembe nyeupe ambazo hazijayeyuka. Utamu ulikuwa umefunika uchungu.

"Nani alikuwemo humu bandani baada ya chakula kugawiwa?"

"Sisi watatu tu," mjane alijibu. "Mimi nakamua upande ule. Ratili anaosha toroli nje. Shemeji anafagia." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Sisi watatu, daktari. Hakuna mgeni."



Daktari aliomba kuonyeshwa shimo la sileji. Ratili alifunua turubai, yeye akachota kiganja kimoja, akanusa. Ilikuwa baridi, inanukia kama matunda yaliyoiva. Akanusa tena.

"Siku zote iko hivi?"

"Tangu tuanze kutia ile dawa. Ya mwaka juzi, ambayo hatukutia kitu, hiyo ilikuwa kali, inawasha mpaka macho. Hii hata wewe ungeila."

Daktari hakucheka. Aliitupa ile sileji, akafuta mikono, akarudi bandani haraka hadi kwa ng'ombe mwekundu. Aliingiza kidole pembeni mwa mdomo wake, akakinusa. Haikuwa harufu ya sileji hata kidogo.

"Sajini," alisema bila kuinua sauti, "nenda ukapekue nyuma ya lundo la samadi, takataka za banda zinakotupwa."

Sajini alirudi amekumbatia chupa tupu, chupa kubwa za siki, lebo zake bado mpya.

"Kuna kachumbari gani hapa inayotaka siki yote hii?" aliuliza.

Daktari aligeuza ndoo akaikalia, akamkabili mjane.

"Mama, aliyewafundisha habari ya urea alisema ng'ombe akizidiwa atibiwe kwa nini?"

"Maji baridi na siki nyingi. Siku ile sote tulikuwepo, tulikaa pale barazani."

"Na leo asubuhi, walipoanza kuanguka, wewe ulidhani ni nini?"

"Mimi? Sikujua. Nilidhani chakula kimeoza."

"Ratili?"

"Mimi nilidhani mashudu yameota ukungu."

"Na wewe, Mzee, unasema ni mihogo." Daktari alimgeukia shemeji, ambaye mkono wake ulikuwa bado shingoni mwa yule mwekundu. "Asubuhi yote unasema ni mihogo. Lakini kuna mtu amemnywesha huyu siki kabla mimi sijafika, kabla karatasi yangu haijageuka rangi. Aliyefanya hivyo alijua ni urea wakati hakuna mwingine aliyejua. Na chupa hizi hazikununuliwa leo asubuhi kwenye heka heka. Zilikuwa zimeandaliwa."

Shemeji alimkumbatia ng'ombe kwa nguvu zaidi.

"Mzee, mikono yako inanuka siki mpaka hapa nilipo."

Yule mzee aliitazama mikono yake kama si ya kwake. Alimwachia ng'ombe, akajishika nguzo.

"Sikutaka wafe," alisema. "Walegee tu. Wayumbe, muone wenyewe kwamba hivi vyakula vya mashimoni havifai. Halafu nije na siki yangu niwainue. Nilijua nina muda. Walianguka wote kwa pamoja. Nikakimbia kwa huyu, nikamnywesha. Nilipogeuka kwa wengine, wamekwisha."

"Urea ulitia kiasi gani?" Ratili aliuliza, sura imembadilika.

"Kopo."

"Kopo!" Ratili alishika kichwa.

"Lakini kwa nini, shemeji?" Mjane alikuwa amesimama mbele yake sasa, mdogo, akimtazama juu. "Nimekukosea nini? Nimekunyima nini nyumbani kwangu?"

"Hujaninyima kitu. Tangu marehemu yupo, ng'ombe hawa wanakula majani ninayokata mimi. Alfajiri napita na panga langu na baiskeli, watu wananiona, wananisalimu. Likaja shimo. Siku moja ukaniambia, shemeji, sasa pumzika, umefanya kazi ya kutosha. Ukanipa ufagio."

"Nilikuonea huruma! Mgongo ulikuwa unakuuma."

"Ulikuwa unaniuma."

"Si ungeniambia?"

"Ningekuambiaje, shemeji? Kwamba nimechoka kupumzika?"

Mjane alivuta kanga yake, akaketi ukingoni mwa hori.

Sajini alikohoa, akamwambia mzee watangulie garini. Hakumfunga pingu. Mzee alitembea wima, akapita katikati ya mizoga bila kuangalia chini, mpaka mlangoni ndipo akasimama.

"Daktari. Huyu mwekundu atapona?"

"Atapona."

Mzee aliitikia kwa kichwa mara moja, akainama, akaingia garini.