Muuguzi wa Zamu Mbili

Kila asubuhi Wakili alipofika darasani, kwanza alipangusa vumbi la chaki kwenye dawati lake. Halikuwa lake peke yake. Shule ilikuwa na zamu mbili, na mchana mwanafunzi mwingine alikaa pale pale alipokaa yeye. Jina la Wakili alibandikwa na wenzake, kwa kuwa alipoanza kutetea jambo, hata walimu walivuta viti wakamsikiliza. Ndiyo maana zamu ya asubuhi ilimchagua aiongoze kwenye bunge la wanafunzi.

Muhula ule bunge lilikuwa na hoja nzito. Muuguzi wa shule alikuja asubuhi tu, na zamu ya mchana ilitaka aje mchana badala yake. Siku ya kura, Wakili alitazama viti akaona baadhi ya watu wake hawakufika. Upande wake ungeshindwa.

"Tutoke," aliwanong'oneza wenzake. "Tukitoka, idadi haitoshi, na kura haipigwi."

Wakatoka vichwa juu. Huko nje walimbeba juujuu. "Huyu ni kichwa," walisema.

Furaha hiyo haikudumu. Kesho yake Mwalimu Mkuu alimwita ofisini pamoja na kiongozi wa zamu ya mchana, mvulana mwenye maneno mengi aliyeitwa Kinanda.

"Niliwaachia wenyewe mpange siku za muuguzi," Mwalimu Mkuu alisema. "Shule jirani nayo inamtaka. Ijumaa bunge lisipoamua, ataenda huko."

"Moja kwa moja, Mwalimu?" Wakili aliuliza.

"Moja kwa moja, mwanangu."

Wakili alitoka amenywea. Zamu zilipopishana getini, alimfuata Kinanda.

"Mheshimiwa," Kinanda alimtania, "leo miguu imekuleta kwangu? Jana ilikutoa ukumbini mbio."

"Cheka. Ukimaliza tuongee."

Walikaa kwenye ngazi za chumba cha huduma ya kwanza.

"Kwani asubuhi mnaing'ang'ania ya nini?" Kinanda aliuliza.

"Wadogo wa darasa la kwanza, wengine huja hawajatia kitu tumboni. Jua likichomoza vizuri, wanaanguka mstarini. Na nyinyi?"

"Sisi tuna michezo. Golikipa wetu alitenguka mkono Jumatano. Tuliufunga mkono kwa tai ya shule, tukampeleka kwao analia njia nzima."

"Sikujua."

"Ulitoka kabla sijasema."

Hapo ndipo walipoanza kazi. Jumatatu na Ijumaa, asubuhi. Jumanne na Alhamisi, mchana. Jumatano ikawakwamisha. Kila mmoja aliivuta kwake, mpaka Wakili akamkumbuka yule golikipa.

"Ichukueni," alisema. "Ila muuguzi awafundishe wanafunzi wawe wasaidizi wa huduma ya kwanza, na wa asubuhi waanze kufundishwa."

Kinanda alikuna kichwa. "Wenzangu walitaka siku zote, watanitafuna." Kisha akampa mkono.

Ijumaa ukumbi ulijaa. Wakili alipowaeleza wenzake, minong'ono ikapanda.

"Wao siku tatu, sisi mbili? Umetuuza," alisema rafiki yake aliyekaa kando yake, akainuka. "Twende zetu, kama siku ile."

Wakili hakunyanyuka. "Anayetoka atoke. Mimi nakaa, hata mkininyang'anya uongozi. Tukitoka leo, Jumatatu mtoto akianguka mstarini tutamwita nani?"

Rafiki yake alitazama mlango, akatazama wenzake, akarudi kukaa. Mikono ikaanza kuinuka, upande huu na upande ule, na hoja ikapita. Ukumbi mzima ulipiga makofi, na mara hii haikujulikana nani wa asubuhi na nani wa mchana.

Muuguzi, aliyekuwa amesimama nyuma, alikuja akawashika mabega viongozi wote wawili.

"Najivunia nyinyi, wanangu," alisema. "Kumshinda mwenzako kwa ujanja si kazi kubwa. Kazi ni kukaa na usiyekubaliana naye, ukamsikiliza, ukaachia kidogo ili mgonjwa apate dawa. Afya ya watu haina upande. Mkikua mkapewa nchi, mkalikumbuke hilo."

"Tukipewa nchi," alisema Kinanda, "Jumatano ni yangu."

Wakili alicheka, akachukua mkoba wake, akaelekea nyumbani mgongo umenyooka.