Jirani Ashike Kamba

Ilikuwa jioni ya kawaida ya Timau, na ile baridi inayouma masikio kabla hata jua halijazama. Kesho yake kulikuwa na mashindano ya gofu, na upande wa juu wa uwanja ulikuwa bado hauna vigingi: vyeupe vya mpaka, vyekundu vya kuonyesha hatari, maji au korongo. Meneja alishaniambia: nisipomaliza leo, kesho nisije.

Ramani yake iliuvusha mpaka ng'ambo ya mtaro uliotutenganisha na jirani, ikamega shamba la marehemu Ciakuthii. Mama huyo alikataa kuuza hadi akazikwa mumo humo, pamoja na kopo lake la ugoro.

"Madam, huku mpaka hauwekwi bila jirani," alisema Kathuri, msaidizi wangu. Ni mzee wa kanisa, na woga wake huuita busara. "Lazima ashike kamba upande wa pili."

"Jirani amekufa, Kathuri."

"Si ndiyo nasema!"

Nilicheka. Nilisomea upimaji ardhi chuo kikuu, sikusomea mizimu. Nikamtuma akachukue chokaa kwenye trekta.

Nilishika ncha moja ya kamba. Nyingine niliiacha kule chini kwenye ukungu, bila kuifunga. Kathuri akiwa bado anasikia, nikapaza sauti kumkera:

"Haya, jirani! Njoo ushike kamba!"

Kamba ikavutwa.

Ikanyooka vizuri kabisa. Nikadhani Kathuri amezungukia chini kunilipiza mzaha.

"Sogea kushoto kidogo."

Ikasogea.

Nikapigilia kigingi. Kingine. Ndipo harufu ikanifikia... ugoro. Na Kathuri ameokoka, hagusi tumbaku.

"Madam..." Mnong'ono, nyuma yangu. "Unaongea na nani?"

Kathuri. Gunia la chokaa begani.

Kamba bado imenyooka.

Kutoka kwenye ukungu ikaja sauti ndogo, ya mtu aliyechoka kungoja:

"Nimeshika."

Tulikimbia. Digrii yangu niliiacha pale pale na nyundo.

Asubuhi vigingi vyeupe vilikuwa vimerudi upande wetu wa mtaro, vimesimama kwa mstari ulionyooka kuliko wangu. Meneja alivitazama, akatazama nyayo ndogo za miguu mitupu kwenye umande, akasema mashindano yaendelee hivyo hivyo. Hakunifukuza. Wala hakuitaja tena ile ramani.

Kigingi kimoja tu hakikuwa mstarini. Chekundu. Kilikuwa kimepigiliwa mbele ya mlango wa chumba changu, kwenye nyumba za wafanyakazi.

Kipo mpaka leo. Ukungu ukishuka jioni, harufu ya ugoro hufika kizingitini, ikakaa.

"Madam, kwani huking'oi?" Kathuri huniuliza akipita mbali, mbali kabisa.

Nitaking'oaje? Mpaka hauguswi bila jirani kuwepo.

Na jirani yule mimi simwiti tena.