Mishale Iliyosimama Wima

Jumamosi hiyo duka la Msomali sokoni Kakuma, kando ya kambi ya wakimbizi, lilifurika watu mpaka ukitaka kuingiza mkono mfukoni uombe ruhusa. Nakaale alikuwa kwenye kaunta, ovaroli ya buluu imemkaa vizuri, shanga nyekundu za Kiturkana zimemzunguka shingo, akingoja kuuziwa tepu ya nyaya. Feni ya ukutani ndiyo iliyokuwa ikimpa uhai. Mara kijana mmoja mrefu akaja akasimama katikati, na upepo wote ukaishia kwenye shati lake jeupe lililonyoka kwa pasi.

"Ndugu, wewe ni mtu ama ni ukuta?"

Kijana aligeuka akatabasamu, akamsalimu kwa Kiturkana. "Ejok, dada. Pole. Sisi Wadinka tumeumbwa hivi, lawama peleka kwa Mungu."

"Mungu nitamwambia kesho kanisani. Wewe sogea leo."

Akasogea. Papo hapo feni ikaanza kuzunguka kwa uvivu. Kijana aliinamisha kichwa, akasikiliza. "Ni mashine ya pili," akasema. "Hesabu mpaka kumi, atarudi."

Nakaale alihesabu, kwa ubishi tu. Alipofika nane, feni ikachangamka.

"Wewe ni mganga?"

"Mimi naendesha mitambo pale nyumba ya stima. Naitwa Manyok. Hiyo upepo unapigwa, ni kazi yangu."

Nakaale alicheka mpaka akasahau tepu. Akamweleza kwamba yeye ni fundi wa kampuni moja ya Lodwar, na kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyopewa kazi ya kung'oa mita za zamani za mshale katika chumba cha mitambo na kuweka skrini za kidijitali.

"Kumbe ni wewe unakuja kufukuza wazee wangu," Manyok akasema.

"Wazee wako wamechoka. Hata vipuri havipatikani tena."

"Ni kweli. Lakini mzee anatolewa na heshima."

Nakaale alirudi Lodwar kungoja skrini zifike, na kwa wiki tatu simu yake haikupoa. "Fundi wangu, umekula?" "Nimekula samaki." "Na mimi hapa maharagwe. Hiyo mapenzi gani?" "Njoo nikupikie." "Nikipata kibali ya kutoka kambi, nitakuja mpaka uchoke na mimi." Mwanamke aliyezoea kulala na kitabu cha saketi kifuani sasa alilala na simu. Alimpenda, na hakujisumbua kujidanganya.

Skrini zilipofika, Nakaale aliteuliwa kutangulia Kakuma kukagua chumba na kuandika ripoti. Mkubwa wake alimnong'oneza kwamba kazi hii ikienda sawa, yeye ndiye atakayekuwa kiongozi wa mafundi, mwanamke wa kwanza katika kampuni. Ikawa bahati mbaya kwamba wiki hiyo Manyok alikuwa amepata kibali cha kwenda Nadapal kumpokea mama yake aliyekuwa akivuka mpaka kutoka Sudan Kusini. Huko mtandao ni wa kubahatisha.

Mitambo yote ilikuwa imezimwa ifanyiwe usafi. Nakaale alipofungua mlango alishika kiuno. Mita kumi na mbili zilikuwa zimefungwa ovyoovyo. Hii imeegemea kushoto, ile imepinduka karibu kichwa chini, namba zimelala upande, na hakuna mbili zilizofanana. Alipiga picha, akatikisa kichwa, akaandika: *Mita zimefungwa kombo. Ni uzembe wa waendeshaji.* Angeweza kupiga simu akauliza. Hakupiga. Fundi akijiona anajua, hapo ndipo huanza kuharibu.

Siku nne baadaye simu ililia.

"Nakaale." Hakusema Fundi wangu. "Nimerudi na mama. Nimekuta barua. Meneja anasema na skrini mpya watu wawili wanatosha, na mimi natoka, sababu mimi ni mzembe. Hiyo neno, ni wewe umeandika?"

"Manyok, sikujua kama ni wewe uliyezifunga. Nilidhani..."

"Namba yangu unayo. Kila siku unapiga kuuliza kama nimelala vizuri. Hiyo moja umeshindwa kuuliza?"

"Kwani kulikuwa na nini cha kuuliza? Zilikuwa kombo."

"Basi," akasema Manyok kwa upole uliouma kuliko tusi, na simu ikakatika.

Asubuhi iliyofuata Nakaale alifika Kakuma na visanduku vya skrini na macho mekundu. Safari hii mitambo ilikuwa ikinguruma. Alisukuma mlango, akabaki ameshika kitasa.

Namba zilikuwa bado zimelala upande, lakini mishale yote kumi na miwili ilikuwa imesimama wima, inatazama juu.

"Unashangaa?" aliuliza Nyaduoth, mama wa Kinuer aliyekuwa zamu, bila kuacha kunywa chai yake. "Manyok ndiye aligeuza, moja moja, mwaka mzima. Kila mita kazi yake ikiwa sawa, mshale unasimama. Huna haja ya kusoma namba. Unaingia, unaangalia nani ameinama."

Kabla hajamaliza, mshale mmoja wa safu ya chini ukaanza kulala kulia, taratibu. Nakaale aliuona kutoka mlangoni. Yalikuwa maji ya kupoza mashine ya pili. Nyaduoth aliweka kikombe, akaenda kufungua vali, mshale ukainuka. Hakuna king'ora kilicholia, kwa kuwa haukufika mbali kiasi hicho. Na stima hiyohiyo ndiyo iliyokuwa ikipoza friji za chanjo kwenye zahanati ya ng'ambo ya barabara.

Nakaale alikaa juu ya kisanduku cha skrini. Aliona aibu. Alichokiita uzembe kilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kuziona katika ufundi wake, na aliyeifanya alikuwa mtu anayempenda. Kuuliza si ujinga. Yeye alikuwa amechagua ujinga.

Alimpigia mkubwa wake Lodwar. "Nataka kuandika ripoti nyingine. Ya kwanza nilikosea."

"Nakaale, fikiria. Ijumaa wanachagua kiongozi wa mafundi. Ukijiandikia kosa kwa mkono wako, sahau hicho kiti. Nyamaza tu. Huyo kijana atapata kazi nyingine."

"Mkimbizi? Atapata wapi?"

Akakata simu. Nakaale aliandika kurasa mbili, akaweka picha za mishale, akatia sahihi. Akapendekeza pia kwamba kila skrini ioneshe mstari pamoja na namba, na mistari yote ikutane usawa mmoja kazi ikiwa sawa, na kwamba Manyok mwenyewe ndiye aipange. Akapeleka nakala moja kwa meneja, nyingine Lodwar. Ijumaa kiti kilikwenda kwa mwingine.

Jumapili, baada ya ibada, alikwenda kwa shangazi yake Manyok, Mama Ayak, kule kambini. Alivaa gauni la kijani, shanga zake zote shingoni, na moyo ukimdunda hadharani. Mama Ayak na mama yake Manyok, mgeni mrefu mwenye uso mtulivu, walikuwa wamekaa kwenye mkeka kando ya jiko. Manyok alikuwa amesimama karibu na mlango. Hakumkaribisha, wala hakumfukuza.

"Sikuja kukuomba unipende," Nakaale alisema. "Nimekuja kusema mbele ya mama yako kwamba nilikosea. Wewe si mzembe."

"Meneja ameniita jana. Kesho narudi kazini," Manyok alisema. "Nyaduoth ameniambia umepoteza ukubwa sababu yangu."

"Si sababu yako. Ni yangu. Sikuuliza."

"Ilinichoma, Nakaale. Watu wengi wameniita majina mbaya hapa. Wewe sikutegemea."

"Najua." Machozi yalimshuka, akayaacha. "Sasa niulize leo? Ama nimechelewa?"

"Uliza."

"Bado unanipenda?"

"Hiyo unajua. Uliza ile hujui."

Nakaale alifuta uso kwa kiganja. "Utanioa?"

Mama Ayak aliangusha mwiko. "Weh. Kwetu msichana haulizi hiyo."

"Hata kwetu hawaulizi, shangazi."

"Sasa umeuliza kwa desturi ya nani?"

"Yangu."

Manyok alicheka kwa mara ya kwanza tangu Nadapal, kicheko kirefu kama mwenyewe. "Nitakuoa, Fundi wangu. Wazee wangu watakuja Lodwar kuongea na wazee wako, sawasawa, na heshima. Lakini jibu nimekupa leo."

Mama yake, asiyejua hata neno moja la Kiswahili, alimvuta Mama Ayak nguo akauliza kitu kwa Kidinka. Mama Ayak akamweleza kwa urefu, mikono ikiruka. Mama alimtazama Nakaale kuanzia shanga mpaka vidole vya miguu, kisha akasogea, akampa nafasi kwenye mkeka.