Kopo la Dagaa Ngomeni

Kila Jumamosi asubuhi Brightness, msichana wa miaka kumi na mmoja, alifua soksi zake, akafagia sebule yao ya ghorofa ya tisa pale mtaa wa Dixon, Toronto, kisha akawasha televisheni. Jumamosi hiyo ya Oktoba televisheni haikuwashwa. Bibi alikuwa amekuja kutoka Moshi, na Mama aliahidi kumtembeza: kwanza madukani kununua zawadi za jamaa, halafu kwenye ile ngome ya mawe iliyo kilimani, katikati ya jiji.

"Mfuko huu utaubeba wewe," Mama alisema. "Bibi amejichoma sindano yake ya kisukari. Saa saba lazima ale, sukari isije ikashuka mno. Umesikia?"

Brightness aliitikia kwa Kiingereza, kama kawaida yake. Mfukoni mlikuwa na kopo la zamani la aiskrimu, lakini aiskrimu yenyewe haikuwamo hata chembe. Mlikuwa na viazi vitamu na dagaa wa kukaanga. Kwenye treni dagaa wakajitambulisha wenyewe. Wasichana wawili wakaziba pua na kucheka. Brightness alitamani ardhi ipasuke immeze.

Saa saba, baada ya kutoka madukani, walifika ngomeni. Mama alikwenda kupanga foleni ya tiketi, Bibi akaketi kwenye benchi la bustanini. Watalii walijaa tele. Brightness akalisukuma kopo chini ya benchi, nyuma ya majani.

"Bibi, tutakula baadaye, sawa?"

"Haya, mjukuu wangu," alisema Bibi, ambaye hakupenda kumsumbua mtu.

Mama akarudi na tiketi. "Bibi amekula?"

"Amekula," Brightness akajibu.

Bibi akamtazama mjukuu wake, akamwonea huruma. "Nimeshiba, mwanangu," akasema, kwa adabu ileile aliyoizoea akiwa ugenini.

Walipita vyumba vikubwa, kisha wakapanda ngazi nyembamba za mnara. Huko juu Bibi akaegemea ukuta. Jasho lilimtiririka ingawa upepo ulikuwa wa baridi. Mikono ilimtetemeka. Akaanza kumwita Mama kwa jina la binti yake mwingine aliyebaki Moshi.

"Ni ngazi tu," Mama akasema, akimkalisha. "Pumzika. Maadamu umekula, utapata nguvu."

Brightness alijua si ngazi, na zaidi ya Bibi hakuna mwingine aliyejua. Akisema, atagombezwa mbele ya watu wote. Macho ya Bibi yakaanza kulegea.

"Mama, hajala!" alipiga kelele kwa Kiswahili, wageni wote wakageuka. "Nilidanganya! Chakula nimekificha!"

Mama hakugomba. "Kimbia mkahawani hapo chini ulete juisi yenye sukari. Kimbia!"

Alishuka mbio huku akilia. Mhudumu alipomwona alimpa juisi bila kumsubirisha. Mama akamnywesha Bibi funda kwa funda. Dakika kumi zilipita kabla Bibi hajamwita Mama kwa jina lake mwenyewe.

Waliporudi bustanini, Mama alimshika Brightness mabega. "Kuona aibu ya dagaa, hilo naweza kulisamehe. Lakini uliposema amekula, ulinifumba macho. Ningemwacha mama yangu apumzike mpaka azimie. Anayemtunza mgonjwa anahitaji ukweli kama anavyohitaji dawa."

"Na mimi nigombeze," Bibi akadakia. "Nilisema nimeshiba huku tumbo linanguruma. Adabu gani hiyo?"

Brightness aliinama, akalitoa kopo chini ya benchi na kulifungua wazi, watalii wakipita. Harufu ikatoka.

"Karibu, Bibi," alisema kwa Kiswahili, akamshikia kopo mpaka kiazi cha mwisho kikaisha.